Siku nilipojifanya naijua njia ya mgongo wa mlima kwenda Rulenge (mwaka wa vita)

Wakuu, heshima zenu popote mlipo. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba, nimeitikia kabisa kabla hamjasahau.

Mimi humu ni msomaji tu wa siku nyingi. Binti yangu ndiye aliyenifungulia akaunti, na kila nikitaka kuandika najiuliza, nani atasoma maneno ya mzee wa darasa la saba?

Lakini juzi nimesoma uzi wa kijana mmoja anayepanda milima kwa kamba na viatu vya kushika jiwe, na kofia ngumu kichwani, yeye na mwenzake waliofahamiana siku hiyohiyo. Nikacheka peke yangu sebuleni. Nikasema, na mimi ninayo ya kwangu, ila sisi kamba hatukuwa nayo.

Mniamini, hii sio chai. Nina daftari. Tangu ujana nina kaugonjwa ka kuandika kila kilichonipata, hata siku ambazo hakikunipata kitu. Mchwa wamelila kona, lakini kurasa za safari hii zinasomeka. Pale daftari liliponyamaza na mimi sikumbuki, nitasema sikumbuki. Pale nilipofanya vibaya nitasema pia, maana bila hapo hata stori yenyewe haipo.

Twende taratibu.

Mimi ni wa Ngara. Nilizaliwa juu kabisa, kwenye mgongo wa mlima ambao sisi tuliuita Umugongo, basi, mgongo tu. Tulikuwa nyumba kama kumi na kitu, migomba, na mbuzi wengi kuliko watu.

Ilipokuja operesheni ya vijiji tukashushwa wote bondeni. Wengine humu wataniuliza ilikuwa nzuri au mbaya. Nijibu kwa haki: mama yangu alilia kuacha migomba yake, na mama huyohuyo akafurahi zahanati kuwa karibu. Yote mawili nimeyaona kwa macho yangu. Tuendelee.

Bondeni nikapewa darasa la kisomo cha watu wazima. Mimi, kijana wa miaka ishirini na kitu, niliyeishia la saba, nawafundisha watu wa umri wa mama yangu kusoma. Kijiji kizima kikaanza kuniita mwalimu.

Wakuu, lile jina lilinibana kama kiatu cha kuazima. Kila mtu akiniuliza kitu, iwe mbolea, iwe redio, iwe Uganda iko upande gani, nilijiona lazima nijibu. Mwalimu atasemaje sijui? Katika daftari mwaka ule nimeandika mara nyingi, "Leo nimejibu nisilolijua." Sikuacha.

Sasa ndio ukawa mwaka wa vita. Vijana wetu kadhaa wa mgambo walikuwa wameshakwenda mbele. Mimi nilipimwa nikaachwa kwa sababu ya kifua, jambo ambalo nalo lilinitia aibu, lakini tuliache.

Ijumaa moja jioni akaingia kijijini mgeni mrefu, fimbo ndefu ya kuchungia, kofia ya kitambaa, miguuni katambuga za tairi. Akafikia kwa mwenyekiti. Kesho yake alfajiri, tulipokusanyika kwenda shamba la kijiji, mwenyekiti akamsimamisha mbele yetu aseme shida yake.

Jina lake Ndaki. Msukuma, familia yao ilihamia Nemba kule Biharamulo na ng'ombe zao. (Ndaki alikuwa anachanganya l na r, na mimi pia wakati ule nilikuwa hivyohivyo. Maneno yake nimeyanyoosha ili msihangaike, sio kwamba aliongea kama redio.)

Shida yake ilikuwa hii. Mdogo wake alikuwa mgambo. Aliugua huko mbele, akaletwa na lori, akalazwa misheni Rulenge. Sasa amepata nafuu, na Jumamosi ileile, mchana, lori la jeshi lingemchukua yeye na wenzake kuwarudisha kambini. Baada ya hapo hakuna aliyejua angepelekwa wapi wala lini angeonekana.

Na huku nyuma baba yao alikuwa amefariki. Mdogo hajui.

"Kwetu watoto wote hunyolewa," Ndaki akasema. "Tumenyolewa sote, amebaki yeye. Na mama amekataa kunyolewa mpaka mtoto wake wa mwisho anyolewe. Yuko ndani. Shambani haendi, kwa jirani haingii, anakaa chini kwenye mkeka. Mwezi wa pili huu. Nimekuja na wembe nimnyoe mimi, kwa mkono wangu, kisha nimpelekee mama nywele zake azione."

Akavua kofia. Kichwa chake kilikuwa kimeanza kuota nywele fupi, kama shamba lililochomwa na mvua ikanyesha mara moja.

Alikuwa ametembea siku mbili kutoka Nemba. Mto ulimchelewesha nusu siku. Kwa barabara kuzunguka mkia wa mlima angefika Rulenge jioni, lori limeshaondoka. Kwa kukata juu, kupitia Umugongo, angefika kabla ya adhuhuri. Swali lake lilikuwa moja: nani anaijua njia ya juu?

Watu wakatazamana. Wazee waliokuwa wanaijua, magoti yameshakataa. Vijana waliokuwa wanaijua, vita imewachukua.

Mwenyekiti akasema, "Si mwalimu huyu? Mwalimu ni wa huko juu. Mwalimu anaijua."

Macho yote kwangu.

Ukweli wangu ulikuwa huu: mgongo ule nilipita mara moja, na sikuumaliza. Nilikuwa na umri wa miaka minane au tisa, nyuma ya mbuzi za baba, tukafika kwenye jiwe moja jeupe, baba akaniambia kaa hapa, yeye akaendelea, mimi nikarudi. Upande wa pili wa jiwe lile sikuwahi kuuona.

Nikasema, "Naijua."

Neno moja, wakuu. Nimelitafakari zaidi ya miaka arobaini. Sikusukumwa na mtu. Mwenyekiti alidhani kweli naijua, sina lawama kwake.

Nikapita nyumbani kumuaga mama. Akanifungia viazi vitamu vya kuchemsha, akanitazama, akasema kwa lugha yetu, "Mwana wanje," yaani mwanangu, "njia ile walikuwa wanaitunza mbuzi."

Nikaona maneno ya mama tu. Tukaondoka jua likichomoza.

Mpaka kwenye mahame yetu nilikwenda kifua mbele. Nikamwonyesha Ndaki nyumba yetu ilipokuwa, migomba mitatu iliyobaki ikipigania pumzi ndani ya magugu, mti wa mvumu wa babu.

"Pazuri," akasema. "Upepo wa bure."

Kisha nikageuka kutafuta njia. Njia haipo.

Niliposimama pale ndipo nilipomwelewa mama. Njia ile hakuna mtu aliyeichimba. Mbuzi ndio waliopita kila siku, wakala majani ya pembeni, wakakanyaga udongo ukawa mgumu na mweupe, unaonekana hata kwa mbali. Tuliposhuka kijijini, mbuzi tulishuka nao. Nyasi zikarudi. Kwa misimu ile michache tu mlima ulikuwa umejifunika mpaka kiunoni, na umande wa asubuhi juu yake.

Mtu mkweli angesema hapo, kaka Ndaki, njia siioni. Mimi nikanyoosha mkono nikasema, "Huku."

Tukapanda. Katambuga za Ndaki zikaanza kuteleza kwenye nyasi mbichi. Alipoanguka mara ya tatu akazivua, akazifunga kwa kamba yake akazivaa shingoni.

"Mwalimu, hii njia yenu ni ya watu au ya konokono?"

Nikacheka kicheko cha mtu anayejua. Mungu anisamehe.

Tulipofika juu, upepo ukatupokea. Mliofika milima ya Ngara mnaijua: chini ni mviringo, imetulia kama ng'ombe waliolala, lakini huyu mmoja juu amekonda. Kushoto bonde la kijiji chetu, nyumba kama vibiriti. Kulia bonde jingine, ukungu umelijaa, hujui chini ni wapi. Katikati ni utepe wa mawe na nyasi, mahali pengine upana wa mlango, mahali pengine upana wa benchi.

Nikalitambua jiwe jeupe. Moyo ukafurahi, kisha ukaanguka, maana ujuzi wangu wote uliishia hapo.

Nikapita jiwe kama mtu aliyezoea. Hatua ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu nikakanyaga kichaka cha nyasi kilichosimama vizuri kabisa, kijani, kimenona, na mguu ukaingia ndani mpaka pajani. Chini ya nyasi hakukuwa na kitu. Zilikuwa zimeota kwenye ukingo zikainama nje, juu ya hewa tupu.

Nilichokumbuka kuandika kwenye daftari ni baridi. Upepo ulikuwa unapanda kutoka bondeni na kuingia kwenye kaptula.

Ndaki alinidaka ukosi wa shati kwa mkono mmoja, wa pili ameukandamiza kwenye fimbo aliyoichomeka kwenye ufa wa jiwe. Hakupiga kelele. Akanivuta taratibu kama anavyovutwa ndama aliyekwama, mpaka nikakaa kwenye jiwe. Shati lilichanika mgongoni. Viazi vya mama vikaenda bondeni, sikuvisikia vikifika.

Akasubiri nihema. Kisha akauliza, bila ukali, "Mwalimu. Umewahi kupita hapa?"

Nikasema, "Sijawahi."

Hapo alikasirika, na alikuwa na haki. "Umesimama mbele ya watu ukasema unaijua. Ningekwenda barabarani ningemkosa, sawa, ningemkosa nikiwa hai. Mama angebaki anamsubiri mtoto mmoja. Ulitaka awasubiri wawili?"

Nilisema tu nisamehe kaka, mara nyingi mno, mpaka akachoka kusikia.

Akatazama tulikotoka, akatazama tuendako. Jua lilikuwa limeshapanda. Kurudi chini na kuzunguka ilikuwa maana yake lori limekwenda.

Kisha akasema maneno ambayo niliyaandika usiku ule neno kwa neno:

"Basi. Mpaka sasa tulikuwa tunatembea kama watu wanaojua. Sasa hatujui, wote wawili. Twende kama watu wasiojua."

Wakuu, kuna mzigo ulinitoka kifuani. Nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa mlima, shati limechanika, na bado nilijisikia mwepesi kuliko siku zote za mwaka ule.

Tukakaa tukaulizana, kila mtu anajua nini hasa. Sio anadhani, anajua.

Mimi nikasema, mawe siyajui, lakini nyasi nimekua nazo. Kuna ile laini inayoota kwenye udongo mzito, hiyo unaikanyaga. Kuna ile ngumu yenye ncha nyekundu, hiyo huota kwenye nyufa na huinama nje, hiyo usiiamini. Nilikuwa nalijua hilo tangu utoto, wakati wa kukata nyasi za kuezekea. Kiburi ndicho kilichonifanya nisitazame chini.

Ndaki akasema yeye nyasi hizo hazijui, lakini utoto wake ulikuwa kwenye majabali ya upande wa Mwanza kabla hawajahama. Jiwe analijua kwa kiganja. "Ila nisikudanganye na mimi," akasema. "Majabali yetu ukianguka unaangukia kwenye mtama. Haya sijayaona."

Tukapanga hivi. Penye nyasi natangulia mimi na fimbo, nachoma kila hatua kabla ya kukanyaga. Penye jiwe anatangulia yeye, na pale anaposhika ndipo ninaposhika. Na mmoja akisogea, mwingine hasogei hata kujikuna.

Najua kijana wa kamba akisoma atacheka. Lakini tulikwenda. Polepole, lakini kila hatua ilikuwa hatua ya kweli.

Jiwe nalo lilikuwa zuri, niseme ukweli. Kavu, kali kidogo, lina joto la jua. Miguu mitupu inalikamata. Kuna mahali nilijikuta ninafurahia, natazama mwewe akiruka chini yetu. Chini yetu, wakuu! Nilikuwa sijawahi kumwona mwewe mgongoni.

Kisha tukafika pabaya. Mgongo ulisinyaa ukawa jiwe moja refu, limechongoka juu kama paa la nyumba, urefu kama wa darasa. Huku na huku hakuna kitu. Kusimama haiwezekani.

Ndaki akalitazama, akapanda juu yake akakaa kama mtu aliyepanda punda, mguu huku mguu huku, akajisogeza kwa makalio.

"Hata dume mkali ana nundu ya kushika," akanung'unika. "Hili halina hata nundu."

Nikamfuata. Katikati nikakwama.

Sikuteleza. Nilitazama kulia tu, ukungu ukafunguka, nikaona miti chini, midogo kama iliki. Mikono ikakataa kuachia jiwe. Nikamwambia Ndaki siwezi kwenda wala kurudi. Nikamwambia aende, mdogo wake anamsubiri, mimi nitakaa hapo.

Alikuwa ameshafika mwisho. Angeweza kwenda. Wembe anao, njia iko mbele yake, na mimi ni mtu aliyemdanganya asubuhi ileile.

Akarudi. Akajisogeza kinyumenyume mpaka mgongo wake ukawa karibu na uso wangu.

"Mwalimu, wewe si mwalimu wa kisomo? Mimi sijui kusoma. Nifundishe."

"Hapa?"

"Kwani darasa lenu lina ukuta? Nifundishe. Unaanza na nini?"

Nikasema kwa sauti ya paka, "Ba."

"Ba," akaitikia kwa nguvu, akajisogeza kiganja kimoja. "Haya, sogea, siwezi kusoma kwa mwalimu aliye mbali."

Nikasogea.

"Be," nikasema.

"Be!" Kiganja kingine.

Bi. Bo. Bu. Tukamaliza ba tukaingia cha. Tulipofika da, sauti yangu ilikuwa imerudi, na aliposema "do" kabla ya "di" nikamkemea kama ninavyowakemea darasani. "Rudia!" Akarudia. Juu ya jiwe lile, bonde huku na bonde huku, nikamrudisha mtu mzima kwenye mstari wa da mara mbili. Tulifika mwisho wa jiwe tukiwa kwenye ga.

Tulilala kifudifudi kwenye nyasi (ile laini, niliikagua) tukacheka mpaka machozi.

Kilichobaki ni kushuka, na upande ule haukuwa na dalili ya njia. Hapo hata mimi na nyasi zangu nilishindwa.

Ndaki ndiye aliyeona kinyesi. Cha nyani, kibichi, juu ya jiwe. Mbele kidogo, kingine. Akachuchumaa akatazama mteremko kama mchungaji anayehesabu.

"Mbuzi wenu wamehama, hawa wamehamia. Na hawa wana watoto migongoni, hawaruki hovyo. Wanaposhukia, panashukika."

Tukafuata vinyesi. Ni njia ya aibu kuisimulia lakini ilikuwa njia. Kwenye kona moja tukawakuta wenyewe, kundi zima, dume limekaa linatutazama kama mwenye nyumba.

"Shikamoo mzee," Ndaki akaliambia, "tunapita tu."

Likatusogelea hatua moja, likaona hatuna hata kiazi, likageuka.

Tulipofika chini tukakimbia. Sijui saa ngapi, sikuwa na saa, lakini kivuli kilikuwa kimeshafika miguuni.

Lori lilikuwa bado. Ila injini ilikuwa inanguruma, vijana wako juu ya bodi, na afande mmoja anafunga mlango wa nyuma. Mdogo wake Ndaki alikuwa amekaa mwishoni, amekonda, macho yana manjano, blanketi mabegani. Akamwona kaka yake anakuja mbio, uso ukachanua.

Ndaki akasimama chini ya lori. Akavua kofia.

Mdogo akatazama zile nywele fupi. Uso ukajifunga.

"Nani?" akauliza.

"Baba."

Basi. Hayo tu. Kijana aliinamisha kichwa mpaka kwenye magoti.

Afande akasema wamechelewa. Ndaki akamweleza kwa maneno machache: baba, mama kwenye mkeka, wembe. Usiku ule kwenye daftari nilimwandika afande huyo "mkali." Leo nafuta. Alisikiliza, akamwambia dereva azime injini, na alipoona hatuna chombo akatoa kikombe chake cha chuma, akakijaza maji kwenye dumu la lori, akanipa nishike. Kisha akaenda mbele akatupa mgongo, na askari wengine nao wakatazama pembeni bila kuambiwa.

Ndaki akapanda. Akamnyoa mdogo wake pale kwenye bodi ya lori, polepole, kuanzia paji la uso. Mikono yake, ambayo asubuhi ilinining'iniza kwenye hewa, haikutikisika. Yangu ilitikisika, nusu ya maji nilimwagia goti la mgonjwa.

"Samahani," nikasema.

"Mwagia tu," mdogo akasema, "ni ya baridi vizuri." Na akatabasamu kidogo, mashavu yana machozi.

Nywele Ndaki alizikusanya zote kwenye kitambaa, hata zilizoangukia kwenye blanketi, akafunga mafundo mawili. Wakaongea Kisukuma, mimi sikuelewa na sikutakiwa kuelewa. Kisha injini ikawashwa.

Tulikula misheni, tukalala, asubuhi tukarudi kwa barabara. Ndefu, ya vumbi, tambarare. Sijawahi kufurahia barabara kama ile.

Njiani nikamwuliza kwa nini alirudi kwenye jiwe. Akasema, "Ningemwambia nini mwenyekiti? Kwamba mwalimu wake nimemwacha amepanda punda?"

Tulipokaribia kijijini akaniambia jambo jingine. Alikuwa amesoma mpaka darasa la pili. Ba be bi bo bu anaijua vizuri sana. "Ile do nilikosea makusudi," akasema. "Nilitaka kusikia kama una nguvu za kukemea."

Nikajisikia mjinga, kisha nikacheka, kisha nikawaza: kumbe na yeye alinidanganya. Nimepima uongo wake na wangu mara nyingi. Wangu nilijipambia mimi. Wake alinibebea mimi. Sioni kama ni sawa, lakini nyie mtaamua.

Kijijini mwenyekiti akatupokea mbele ya watu. "Mwalimu, njia ikoje?"

Ndaki aliniachia nijibu.

Nikasema, "Mwenyekiti, njia nilikuwa siijui. Nilisema naijua kwa sababu mlikuwa mnanitazama. Nilikaribia kumuua mgeni. Njia ya kweli ndiyo nimeijua jana, na siyo ile ya mbuzi, ni ya nyani."

Watu walicheka, ndiyo. Kuna mmoja aliniita mwalimu wa nyani kwa muda mrefu, na jina lilinikaa. Mwenyekiti alitikisa kichwa, akasema angalau sasa tuna mtu mmoja anayeijua kweli. Mama aliniuliza tu kama viazi vilitosha.

Ndaki aliondoka kesho yake alfajiri kwenda Nemba na kitambaa chake. Baada ya wiki kadhaa mfanyabiashara wa chumvi aliyepita huko akatuletea salamu: mama amenyolewa, ametoka nje, ameonekana shambani. Mdogo naye alirudi salama vita ilipokwisha. Hilo nililisikia baadaye sana na sikumbuki kwa nani.

Lakini kilichonifanya niandike uzi huu ni cha Jumatatu iliyofuata.

Niliingia darasani nikiwa na uhakika hakuna atakayekuja kufundishwa na mwongo. Walikuja wote. Nikaandika ubaoni somo la siku ile, nikauliza kama kawaida, "Mmeelewa?" Na kama kawaida wakaitikia, "Tumeelewa, mwalimu."

Kisha mama mmoja mzee, aliyekaa mbele tangu darasa lilipofunguliwa, akainua mkono polepole.

"Mwalimu," akasema, "mimi sijaelewa. Sijaelewa tangu mwaka jana."

Nyuma yake mikono ikaanza kuinuka. Mmoja, wawili, benchi zima.

Nikafuta ubao, tukaanza na a.

Wakuu, funzo langu ni dogo na sina hakika kama linastahili kuitwa funzo. Usiseme unajua kwa sababu unatazamwa. Na ukiwa na mtu uliyemfahamu leo mahali pa hatari, kaeni kwanza mwambiane ukweli kila mmoja anajua nini na hajui nini. Kamba itafuata baadaye.

Karibuni mchangie, hata wa kunipinga. Na kama kuna mtu wa Ngara humu aliyepita Umugongo miaka hii ya karibuni, naomba aniambie wanaopita sasa ni mbuzi, nyani, au watu. Mimi sijui.